Tumbo Lililofunga kwa Ajili Yangu

Kila asubuhi nilikuwa namsikia. Mimi niko chumbani navaa sare ya kazini, yeye yuko nyuma ya nyumba, karibu na bafu la mabati. Kwanza kikohozi kidogo cha kujizuia, halafu ile sauti nzito ya tumbo linalosukuma kitu ambacho hakimo. Kisha maji yanamwagwa, ndala zinaburuzwa, na mama mkwe wangu huyo anaingia jikoni akijifuta mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Mama, umetapika tena?"

"Nani ametapika? Nilikuwa natema mate."

Mate gani hayo ya kusikika mpaka barabarani! Lakini ukibishana naye asubuhi, siku nzima imeharibika. Namwambia pole, namalizia kufunga vifungo, natoka kutafuta boda.

Tunaishi Gurei, pembezoni mwa Juba, mimi na yeye. Mimi ni Mkenya. Nilikuja Juba kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ndogo ya mtaa wa Hai Cinema, nikakutana na mwanawe, tukaoana. Mwanawe anafanya kazi kwenye matishari ya mizigo yanayoondoka bandarini kuteremka mto kwenda kaskazini, na akiondoka ameondoka, wiki baada ya wiki, mpaka unasahau anavyokoroma. Kwa hiyo nyumba ni ya wanawake wawili. Tunaelewana kwa Kiswahili, kwa sababu yeye alikaa Uganda miaka mingi ya ukimbizi na Kiswahili alikiokota huko sokoni, na Kiarabu changu cha Juba kinaishia kwenye nyanya na vitunguu. Kiswahili chake hakina muda wa kupoteza. Anachotaka kusema kinafika, na mara nyingi kinauma.

Ugonjwa ulianza na mgongo. Halafu magoti. Halafu homa ya kuja na kuondoka, na jasho la kulowesha shuka mpaka tunaianika kila siku. Akasema ni uzee. Nikampeleka kupima malaria, hakuna. Tukaenda tena kwenye kliniki nyingine, wakamtoa damu, wakasema ni brusela, ile homa inayotoka kwenye maziwa mabichi. Nikamgeukia. Maziwa ananunua kwa wafugaji wanaopita ukingoni mwa Gurei na vidumu vyao, na nimemwambia mara ngapi, Mama, tuyachemshe! Yeye anasema maziwa yaliyochemshwa yamekufa.

"Nimekunywa maziwa tangu nizaliwe," akamwambia daktari.

"Na sasa yamekunywa wewe," daktari akamjibu, naye akacheka kwa sauti, akampenda daktari huyo papo hapo.

Akapigwa sindano siku za mwanzo. Baada ya hapo ni vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni, mwezi na nusu bila kuruka. Dukani tuliponunua dawa, mwanamke aliyetuhudumia alieleza taratibu, kwa Kiarabu kwake na kwa Kiingereza kwangu. Vidonge hivi ni vikali kwa tumbo. Ale kwanza. Anywe na glasi nzima ya maji, si funda moja. Akishameza asilale, akae wima angalau nusu saa, la sivyo kitamchoma kifua na kumrudia. Na maziwa yakae mbali na dawa, maana yanaipunguzia nguvu.

Mimi nikajiteua nesi. Sijui nani alinipa cheo hicho, lakini nilikivaa. Nilikuwa naamka mapema napika uji mwepesi wa mtama, ule wenyewe wanaita madida, natia limau na sukari kidogo, naufunika mezani. Pembeni naweka kidonge juu ya kisahani na glasi ya maji imejaa. "Mama, kula kwanza, ndiyo umeze." "Sawa, daktari." Naingia chumbani kuvaa, halafu naondoka. Jioni nikirudi bakuli limeoshwa, linang'aa. Na asubuhi inayofuata, sauti ile ile nyuma ya nyumba.

Nikaona uji ndio una makosa. Nikabadilisha, nikampa mkate mkavu, nikampa viazi vitamu vya kuchemsha. Nikapunguza mafuta kwenye chakula cha jioni. Nikaacha kukaanga vitunguu akiwa karibu, maana harufu ile inaweza kumwinua mtu mzima mwenye kichefuchefu. Nikachemsha tangawizi, nikaijaza kwenye chupa ya chai. Nikarudi dukani nikamgombeza yule mwanamke kwamba ametuuzia dawa mbovu. Akaniuliza kwa upole, "Anakula kabla ya kumeza?" Nikamwambia, tena kwa dharau kidogo, "Dada, mimi ndiye ninayempikia." Akanipa vidonge vya kuzuia kutapika. Havikusaidia kitu.

Nikarudia uji wangu, na siku moja niliyotoka mapema nikafika barabarani nikagundua nimesahau simu. Nikarudi. Nikamkuta mama mkwe wangu anatoka lango la jirani, mikono mitupu. Jirani yetu alikuwa amejifungua juzijuzi, na pale kibarazani kwake ameketi anakunywa uji kwenye bakuli langu. Uji wangu wa limau! Nikamfuata Mama ndani. Akachukua kidonge kwenye kisahani, akakitupa mdomoni, akateremsha na funda moja la maji, funda la ndege, halafu akaenda moja kwa moja kujilaza kitandani chali.

Nikalipuka. Nilimwambia mambo ambayo mkwe hasemi. Kwamba ananidanganya kama mtoto mdogo. Kwamba mimi naamka kuku hawajaamka, napika, na yeye anagawa. Kwamba kama anataka kufa aseme tujue moja.

Aliniacha nimalize. Hakuinuka hata.

"Usipige kelele," akasema. "Mimi nafunga."

"Unafunga nini na wewe ni mgonjwa?"

"Dawa si chakula. Nimeuliza. Dawa inaruhusiwa. Uji ni chakula."

Ndipo akanieleza. Kina mama wa kanisa lao wana desturi, wametoka nayo kwenye makambi ya Uganda. Katika msimu wa maombi kila mwanamke anachagua mtu mmoja mwenye haja, anafunga kwa ajili yake kila siku isipokuwa Jumapili, tangu anapoamka mpaka saa kumi alasiri. Wanasema amembeba. Huwezi kumbeba mtu halafu ukaonja hata kipande cha mkate mchana, maana ukila kabla ya wakati umemwangusha yule uliyembeba, na haja yake imeanguka naye.

"Na wewe umembeba nani?" nikamuuliza, bado nimekasirika, mikono kiunoni.

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jina lake.

"Wewe, biti, binti yangu. Nani mwingine? Nyumba hii imenyamaza sana. Mimi nataka mtoto alie humu ndani kabla sijaenda."

Mikono yangu ilitoka kiunoni yenyewe.

Niseme sasa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilimkimbia. Katika mkono wangu wa kushoto, upande wa ndani juu ya kiwiko, chini ya ngozi, kuna kijiti cha kupanga uzazi. Niliwekewa kabla ya harusi. Mume wangu anajua, tulikubaliana pamoja. Tungoje mpaka aache kazi ya mtoni, tungoje mpaka tuwe na kwetu, tungoje. Hizo ndizo sababu tulizosemezana. Ukweli mwingine ni kwamba sikuwa tayari, basi. Sikutaka kujifungua katika mji ambao mume wangu yuko majini na mama yangu yuko ng'ambo ya mpaka. Na wakati wote huo mama mkwe wangu hakuwahi kuniuliza hata mara moja. Hakunisema, hakunipiga vijembe. Nilidhani hajali, au kwamba nina bahati ya kupata mkwe wa kisasa. Kumbe alikuwa anashughulikia jambo hilo kwa njia yake, na kwa tumbo lake.

"Nimechelewa kazini," nikasema. Nikatoka.

Siku ile niliwakaribisha wageni, nikawapa funguo, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Lakini nilijiona mchafu. Sina neno lingine. Mwanamke mzima mwenye homa anatapika nyongo kwa ajili ya kitu ambacho mimi nimekifungia mlango kwa ndani, na juu ya hayo nimemgombeza.

Mngetegemea kwamba nilirudi jioni ile nikamweleza. Wapi! Nilirudi na biskuti.

Kuanzia hapo nilitafuta kila njia ya kuokoa tumbo lake isipokuwa ile moja. Nikamwambia, Mama, mimi nitakuamsha kabla ya alfajiri, ule, umeze, halafu ndiyo uanze kufunga. Akakataa. Ule si mfungo wao, akasema, na kula gizani ili usile mchana ni kumzungusha Mungu, na Mungu hazungushwi. Nikamwambia basi kidonge cha asubuhi tukisogeze mpaka saa kumi. Nikaenda dukani kuuliza, nikaambiwa hapana, viwili haviwezi kukaribiana hivyo, dawa inatakiwa igawanye siku. Nikamwomba basi angalau anywe glasi nzima ya maji na asilale. Maji akakubali, kwa shingo upande. Kulala hakuacha. Alisema kichwa kinamzunguka akikaa, na hata mimi ningekuwa sijala tangu jana yake kingenizunguka.

Tangawizi nayo ikawa kesi.

"Hii ni maji tu, Mama. Maji yenye harufu."

"Umetia sukari?"

"Kidogo."

"Basi ni chai. Chai ni chakula cha Mkenya."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, naye akacheka, halafu akashika tumbo akatoka mbio. Nikabaki na kikombe mkononi, kicheko kimenikauka.

Nikaenda mpaka kwa mke wa mchungaji. Nilimweleza juu ya dawa, sikumweleza juu ya mkono wangu. Alikuja nyumbani, mama wa watu, akaketi chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli cha majani mbele ya nyumba, akasema wagonjwa hawalazimiki kufunga, Mungu anaangalia moyo. Mama mkwe wangu alimsikiliza kwa heshima zote. Akamjibu, "Mgonjwa analala. Mimi nafagia." Na kweli alikuwa na ufagio mkononi. Mgeni alipoondoka alinigeukia: "Unanishtaki kwa watu?" Nikaomba radhi. Nilikuwa naomba radhi ya kitu kidogo ili nisiombe ya kile kikubwa, na nilijua ninachofanya.

Nilimpigia mume wangu. Mtandao wa mtoni unakuja na kwenda, kila neno nilirudia mara mbili, na kuna maneno ambayo hayafai kurudiwa kwa kelele. Nikamwambia mama yako anafunga ili nishike mimba. Anatapika dawa. Nitamwambia ukweli.

"Usimwambie. Utamvunja moyo."

"Sasa anavunjika tumbo!"

"Msimu utaisha. Ngoja nirudi, nitaongea naye mimi."

"Wewe uko huko unakula samaki, mimi ndiye ninayemsikia kila asubuhi!"

Ikakatika. Sijui kama alisikia lile la mwisho. Lakini nisimsingizie. Hakunizuia yeye. Nilifurahi kwamba amesema ngoja, maana kuanzia hapo nilikuwa na mtu wa kumtupia lawama.

Halafu homa ikarudi. Jasho tena, shuka kwenye kamba tena, na mgongo ukamshika hata akawa anainuka kwa kujishikilia ukuta. Nikamrudisha kliniki. Yule daktari aliyempenda akamuuliza vidonge vinakaaje tumboni. Yeye akasema vizuri. Mimi nikasema anavitapika. Daktari akaacha kutabasamu.

"Mama, kidonge ukitapika hujameza," akasema. "Hii homa inajificha. Ikikaa kwenye uti wa mgongo, hutatembea wima tena, na dawa hizi hazitaitoa. Ama zikae tumboni, ama tunapoteza wakati."

Alisema kwa Kiarabu cha polepole na nilielewa kila neno. Tulirudi kwa boda, mimi nyuma ya Mama, nimemshika kiuno, na nikahisi mbavu zake zote chini ya kitenge. Amekuwa mwepesi lini hivi?

Tulipofika alijishusha taratibu kwenye kiti chini ya rakuba, akavuta pumzi.

"Khalas," akasema. "Nimeamua. Nitaacha dawa."

"Nini?"

"Dawa na mfungo hazipatani. Moja itoke. Dawa itoke."

"Mama, umemsikia daktari!"

"Nimesikia. Mgongo ni wangu, nimeutumia, umefanya kazi. Wewe bado hujaanza." Akafumba macho. "Siwezi kukuangusha sasa. Nimefika mbali na wewe."

Niliingia ndani nikakaa kwenye kitanda chetu, nikajishika mkono wa kushoto, na nikajichukia. Nilijichukia kabisa. Nikafikiria kumwambia kwamba nimeshika mimba. Niwe mkweli, nilifikiria sana. Uongo mmoja mtamu, angekula siku hiyo hiyo, angepiga vigelegele. Halafu je? Angeanza kuhesabu miezi, angeniletea udongo wa kutafuna, angewaambia wenzake. Ningemtoa shimoni nimtumbukize kisimani. Hapana.

Asubuhi nilipika uji kama kawaida. Kidonge alitaka kukimeza kwa mara ya mwisho, alisema, kwa sababu kimeshatoka kwenye pakiti na ni dhambi kukitupa. Amekishika kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Ngoja, Mama. Usimeze."

Nikakunja shati la sare. Nikachukua kidole chake nikakiweka pale, nikakisogeza taratibu kwenye ule ufito mdogo chini ya ngozi.

"Nini hii? Mwiba?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuzuia mtoto."

Hakuondoa kidole. Alikibonyeza, akakiacha, akakibonyeza tena, kwa umakini wa mtu anayepima embe sokoni. Jirani alikuwa anambembeleza mtoto wake ng'ambo ya ua, tulimsikia.

"Tangu lini?"

"Kabla ya harusi."

"Mtoto wangu anajua?"

Ningeweza kusema hajui. Ningembakishia mwanawe. "Anajua," nikasema.

Akatoa kidole. Akaangalia kidonge kilichokuwa kiganjani mwake, kimeanza kuloa kwa jasho.

"Kwa hiyo mimi natapika pale," akasema taratibu, "na wewe uko chumbani, unavaa nguo, unasikia."

"Ndiyo, Mama."

"Unasikia, unafunga vifungo, unaenda kazi."

"Ndiyo."

"Malesh, Mama," nikaongeza. Nisamehe, kwa lugha yake. Nilikuwa nalia.

"Usiniambie malesh." Akavuta kiti. "Leta hiyo uji."

Aliunywa wote. Hakuharakisha. Alinitazama juu ya ukingo wa bakuli kijiko baada ya kijiko, na mimi nilisimama pale nimeshika glasi ya maji mfano wa mtumishi, na sikuthubutu kukaa. Alipomaliza alimeza kidonge, akachukua glasi mkononi mwangu, akainywa mpaka chini. Halafu akakaa wima, mgongo haugusi kiti, mikono magotini, kama alivyoagizwa na kila mtu tangu siku ya kwanza. Tukangoja. Kikohozi hakikuja. Akacheua mara moja, akasikilizia tumbo lake.

"Imekaa," akasema, si kwangu.

Nilitaka anitukane. Huyu ni mwanamke anayetukana wauza mkaa, anatukana mvua, anatukana redio. Nilitaka anitukane mimi, na mama yangu, na Kenya nzima, halafu tuanze upya. Hakunitukana. Kuanzia siku ile alikula kila asubuhi bila kusukumwa, akanywa maji yake, akakaa wima, na ile sauti nyuma ya nyumba ikaisha. Jasho likakauka. Akaanza kuinuka bila ukuta. Kwangu alizungumza ya lazima tu: chumvi imekwisha, maji yamekuja, jirani amekuulizia. Chakula kilipokuwa kitamu hakusema ni kitamu. Kila nilipomwona ananenepa nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichoma, maana dawa iliyomponya ilikuwa mdomoni mwangu siku zote zile na niliiacha imefungiwa nyuma ya meno.

Msimu wa maombi ukafika mwisho. Jumapili hiyo, baada ya ibada, aliniambia, "Leo unakuja na mimi kwa kina mama." Haikuwa ombi. Nikavaa kitenge, nikamfuata.

Walikuwa wameketi kwenye mikeka kando ya kanisa, chini ya paa la mabati. Kila mwanamke alisimama kwa zamu kusema alimbeba nani na nini kimetokea. Mmoja mwanawe amepata kazi. Mwingine mumewe bado anakunywa, lakini amepunguza. Vigelegele, makofi. Mimi nilikaa nyuma ya mama mkwe wangu nikiangalia vidole vya miguu yangu. Nilijua kinachokuja. Nilijua ataniumbua mbele yao, na niliona ni haki yake, na nilikuwa nimejipanga kunyamaza na kuipokea.

Zamu yake ikafika. Akainuka peke yake, bila kushikiliwa. Alisema kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, nadhani makusudi nimwelewe.

"Mimi nilimbeba mke wa mtoto wangu," akasema. "Nimemwangusha. Nilikuwa na dawa, na tumbo langu lilishindwa. Nikala asubuhi, siku nyingi, bila kuwaambia. Mkiona nyumba yangu bado imenyamaza, msimwangalie yeye vibaya. Niangalieni mimi. Kosa ni la tumbo langu."

Kisha wakaguna kwa huruma, wale mama wote, na mmoja akafuta machozi. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa niliufungua. Yeye aligeuza kichwa kidogo tu, akanitazama kwa pembe ya jicho, na sikujua kama jicho lile linasema nyamaza au linasema haya, tuone. Nikaufunga.

Wakaja wakamzunguka. Wakamwekea mikono kichwani, mabegani, tumboni. Mmoja akanivuta, "Njoo, njoo, biti, na wewe mwekee mkono," nikamwekea mkono mgongoni, pale pale palipokuwa panamuuma. Wakaanza kuomba wote kwa pamoja, kwa sauti, wakimwombea msamaha kwa kuwa amevunja mfungo aliofunga kwa ajili yangu. Yeye aliinamisha kichwa akapokea. Na walipofika mwisho nikaitikia amina pamoja nao.